Rush Limbaugh na "Wakristo" wa Kony: tuchambue dai moja la redio ya wahafidhina Marekani, neno kwa neno

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, humu jukwaani huletwa vipande vya sauti kutoka redio za maongezi za kule, hasa zile za wahafidhina. Kipande kina dakika moja na nusu. Papo hapo tunagawanyika: hawa wanasema mtangazaji ni mzushi, wale wanasema vyombo vikubwa ndivyo vinavyoficha ukweli. Uzi unafika ukurasa wa kumi na hakuna aliyesikiliza kipindi kizima. Leo naomba tufanye tofauti. Tuchukue dai moja tu, tulipasue. Nimechagua linalohusu ukanda wetu, kwa sababu hapa hatuhitaji mtu wa Washington atusimulie kilichotokea.

Tarehe 14 Oktoba 2011 Rais Obama alilijulisha Bunge la Marekani kwamba anapeleka wanajeshi wapatao 100 Afrika ya Kati, wakayasaidie majeshi ya huku kumsaka Joseph Kony na makamanda wake wa LRA, kundi la waasi lililojiita Lord's Resistance Army, yaani Jeshi la Upinzani la Bwana. Siku hiyohiyo Rush Limbaugh alilizungumzia hewani. Kwa vijana wasiomjua, huyu alifariki Februari 2021, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyemfikia katika redio za aina ile. Kipindi chake kilianza kurushwa nchi nzima Agosti 1988, saa tatu mfululizo kila siku ya kazi, na kilifika vituo zaidi ya 600. Baba wa familia anaendesha gari kwenda kazini na sauti ya Limbaugh iko pembeni yake. Huo ndio uzito wa mtu tunayemzungumzia.

Alisema hivi, kwa tafsiri yangu: LRA ni Wakristo. Wanapigana na Waislamu wa Sudan. Obama amepeleka wanajeshi wa Marekani kuwaondoa kwenye uwanja wa vita, maana yake kuwaua. Tovuti yake ikaweka kichwa cha habari kwamba Obama ameivamia Uganda na analenga Wakristo.

Sasa tupasue.

"LRA ni Wakristo." Jina lina neno Bwana, kweli. Kony alizungumzia Amri Kumi, nalo ni kweli. Lakini kundi lile liliibuka kaskazini mwa Uganda miaka ya mwisho ya 1980, katika mabaki ya vuguvugu la Alice Lakwena lililoshindwa mwaka 1987, na imani yake ilikuwa mchanganyiko wa Biblia, pepo na amri ambazo Kony mwenyewe alidai anapewa. Mhakiki asiishie kwenye jina. Aulize: waliouawa walikuwa nani? Waacholi, Walango, Wateso, na baadaye watu wa kaskazini mashariki mwa Congo. Wengi wao ni Wakatoliki na Waanglikana. Dai linamwambia msikilizaji wa Ohio au Texas kwamba ndugu zake katika imani wanawindwa, ilhali ndugu zake hao ndio waliokuwa wakikatwa midomo na watoto wao kutekwa.

"Wanapigana na Waislamu wa Sudan." Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana historia imegeuzwa miguu juu. Serikali ya Khartoum ya Omar al-Bashir ndiyo iliyoipa LRA silaha na kambi kusini mwa Sudan tangu katikati ya miaka ya 1990. Sababu inajulikana: Kampala ilikuwa ikiisaidia SPLA ya John Garang, waasi wa kusini mwa Sudan, na Khartoum ikalipiza kwa kumtumia Kony. Kwa hiyo LRA ilikuwa chombo cha serikali ileile ambayo msikilizaji aliaminishwa kwamba LRA inapambana nayo. Waliokuwa wakipigana na Khartoum ni SPLA, na LRA ilipigana na hao SPLA.

"Obama ameivamia Uganda." Barua kwa Bunge ilisema wanajeshi wale ni washauri, hawataingia vitani isipokuwa kujilinda, na hawatakwenda nchi yoyote bila ridhaa ya nchi hiyo. Serikali ya Museveni ilikuwa mshirika. Isitoshe, kufikia 2011 LRA haikuwa Uganda tena. Ilikuwa imehamia misitu ya Congo na Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Kuna na jambo ambalo hakulisema kabisa. Mei 2010 Obama alitia saini sheria ya kuwapokonya LRA silaha na kuisaidia kaskazini ya Uganda kuinuka. Muswada ule uliletwa Seneti na Russ Feingold wa Democrat pamoja na Sam Brownback wa Republican, na James Inhofe wa Oklahoma, mhafidhina asiyetiliwa shaka na mtu yeyote, alikuwa miongoni mwa walioubeba. Inhofe alikuwa amefika Uganda mara nyingi. Baada ya kipindi kile alisimama Seneti kueleza LRA ni akina nani. Ukweli huu haukuwa mali ya chama kimoja.

Sehemu iliyonifanya niandike uzi huu inakuja baadaye katika kipindi hichohicho. Limbaugh aliambiwa kwamba LRA inatuhumiwa kuteka watoto, kutesa na kuua. Akashangaa hewani, akasema wamelijua jambo hili leo tu na watalifanyia utafiti. Lakini hata hapo alirudi kusema kwamba, vyovyote iwavyo, wanajeshi mia wanapelekwa kupigana na watu wanaojiita Wakristo. Tazameni mpangilio: dai lilitoka kwanza kwa sauti ya uhakika, shaka ikaja nyuma kwa sauti ya kupita. Aliyezima redio akaingia ofisini alibeba sehemu ya kwanza peke yake. Na kichwa cha habari kikabaki na dai.

Jingine: Limbaugh alisoma hewani orodha ya malengo ya LRA, kuondoa udikteta, kukomesha ukandamizaji, kurudisha demokrasia ya vyama vingi. Hayo ni maneno ya LRA yenyewe kuhusu LRA. Kila kundi la waasi lina karatasi ya namna hiyo. Kuisoma kama ushahidi ni sawa na kumuuliza mshtakiwa kisha kutoa hukumu bila kumsikia shahidi. Mahakama ya ICC ilikuwa imeshatoa hati za kumkamata Kony na wenzake wanne tangu 2005, miaka sita kabla ya kipindi kile.

Kuhakiki redio ni kazi ngumu kuliko kuhakiki gazeti. Gazeti unaliweka mezani. Redio unahitaji rekodi, unahitaji mtu wa kukaa aandike kilichosemwa, na mtangazaji wa saa kumi na tano kwa wiki anasema mambo mengi kuliko timu yoyote inavyoweza kufuatilia. Halafu lugha yenyewe inateleza: "mimi nauliza tu", "wanasema", "hamtasikia hili kwingine". Ukimbana, anasema alikuwa anauliza. Kwa hiyo wakuu, kabla ya kubishana, tupate kipindi kizima, tuandike maneno yenyewe, tuyatenganishe, kisha kila kipande tukitafutie ushahidi wake. Dai moja la redio huwa na madai manne ndani yake, na moja kati ya hayo huwa kweli. Lile la kweli ndilo linalobeba mengine.

Nawasilisha.

#2 Mchangiaji, Lira

Asante kwa uzi huu. Kwetu Lango tunaikumbuka shule ya wasichana ya Aboke, St. Mary's, shule ya Kikatoliki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 LRA walivunja wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, Mwitaliano, aliwafuata porini kwa miguu akiwa na mwalimu mmoja. Akarudi na 109. Thelathini walibaki mikononi mwao.

Sasa mtu anakaa studio anasema hao ni Wakristo wanaopigania imani. Wasichana wale walikuwa wanasali rozari na yule sista. Sina zaidi.

#3 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu mleta mada, umeandika vizuri lakini naona unaelekea upande mmoja. Hao wanaojiita wahakiki wa Marekani nao wana chama. Mfano hai: Obama alisema "ukiipenda bima yako ya afya utabaki nayo." PolitiFact, tovuti ya kuhakiki kauli za wanasiasa, mwaka 2008 walilipa dai lile alama ya Kweli. Baadaye wakashusha kuwa Nusu Kweli. Mwaka 2013 watu walipoanza kupokea barua za kufutiwa bima zao, PolitiFact haohao wakalitangaza kuwa Uongo wa Mwaka. Kauli ni ileile! Na redio za wahafidhina zilikuwa zikipiga kelele kuhusu jambo hilo miaka yote hiyo. Mhafidhina wa kawaida akiona hivyo, kwa nini amwamini mhakiki?

#4 Mleta mada

Mkuu wa Dodoma, hoja yako ni nzito na mfano wako ni sahihi. Sitaupinga.

Ninachokiona mimi ni kwamba kosa lile linatokana na kuweka alama juu ya ahadi. Mwaka 2008 sheria haikuwepo, kulikuwa na mpango wa kampeni tu. Huwezi kuipa ahadi alama ya Kweli. Unaweza kusema tu kama inalingana na mpango ulioandikwa. Alama zile za kupanga kutoka Kweli hadi uongo mtupu zinavutia msomaji lakini zinaficha kazi. Ndiyo maana hapo juu sikuweka alama yoyote. Nimeweka tarehe, majina na sheria, ili hata asiyenipenda aweze kuzifuata mwenyewe na kuniambia nimekosea wapi.

Na uzingatie: katika kisa cha LRA, huhitaji kumwamini mhakiki yeyote. Inhofe alikuwa upande wa Limbaugh kisiasa. Sista Rachele hakuwa na chama.

#5 Mchangiaji, Kisumu

Wacha niongeze la kwetu, kwa maana hili lilitupitia mlangoni.

Mnakumbuka madai kwamba Obama alizaliwa Kenya? Msingi wake mmoja mkubwa ulikuwa kanda ya simu ya Oktoba 2008. Askofu mmoja wa Marekani, Ron McRae, alimpigia Mama Sarah wa Kogelo, bibi yake Obama upande wa baba. Mama alizungumza kupitia mkalimani. McRae akauliza kama alikuwepo Obama alipozaliwa Kenya. Mkalimani akajibu ndiyo, alikuwepo. Kipande kikakatwa hapo, kikasambazwa. G. Gordon Liddy, yule wa kashfa ya Watergate ambaye wakati huo alikuwa na kipindi chake cha redio, alimtaja bibi huyo kama shahidi kwenye televisheni mwaka 2009.

Kanda nzima inaendelea. McRae anasema angependa kuiona hospitali, anauliza kama ni Mombasa. Mkalimani anajibu: hapana, hakuzaliwa Mombasa, alizaliwa Marekani. McRae anarudia, alidhani ni Kenya. Jibu ni lilelile, na mwishowe anatajiwa Hawaii, kule babake alikokuwa akisoma. Mtu alisikia majibu hayo kwa masikio yake mwenyewe, kisha dunia ikapewa lile la kwanza tu.

Anayejua maisha ya kwetu anaelewa pia ugumu wa swali lenyewe. Ukimuuliza mama mzee wa kijijini kupitia mkalimani, kwa simu ya mbali, kama alikuwepo mjukuu alipozaliwa, anaweza kukujibu kama mtu aliyekuwepo katika ukoo huo, aliyeishuhudia habari ikifika. Tena Mama Sarah, mke wa mzee Onyango, alimlea tu Obama mkubwa, baba wa Rais, hakumzaa. Ndiyo sababu swali la pili na la tatu ni lazima. McRae aliyauliza, na yakajibiwa. Waliosambaza ndio walioyaondoa.

Halafu Agosti 2009 ikaletwa "hati ya kuzaliwa ya Kenya". Imeandikwa Jamhuri ya Kenya, na tarehe ya kutolewa ni Februari 1964. Mtoto wa darasa la nne hapa anajua tulipata uhuru 12 Desemba 1963 na tukawa Jamhuri 12 Desemba 1964. Februari 1964 hakukuwa na Jamhuri ya Kenya ya kutoa hati yoyote. Mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Aliyeighushi hakuijua Jamhuri Dei. Mkenya yeyote angeimaliza hoja ile kwa sekunde kumi, lakini nani alimwuliza Mkenya?

#6 Mchangiaji, Nakuru

Na Huckabee je? Februari 2011, aliyekuwa gavana wa Arkansas, kwenye redio ya New York, akasema Obama alikulia Kenya na ndiyo maana anawaona Waingereza kama wakoloni, kwa sababu ya Mau Mau na babu yake. Msemaji wake akasema aliteleza ulimi, alimaanisha Indonesia. Sasa Mau Mau ya Indonesia ni ipi? Mau Mau ilikuwa hasa ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kogelo ni Nyanza kwa Waluo. Maelezo ya kuteleza ulimi hayaingii akilini.

#7 Mchangiaji, Moshi

Lakini tuwe waangalifu, ndugu wa Nakuru. Mama Sarah aliwahi kusema mumewe alifungwa na kuteswa na Waingereza mwaka 1949. Ilichapishwa na gazeti la Uingereza 2008. Kwa hiyo suala la babu halikutoka hewani.

#8 Mleta mada

Ni kweli, na asante kwa kulileta, maana hapa ndipo uhakiki wa haraka hujikwaa. Ukisema "yote uongo", mtu anakuonyesha habari ile ya 2008 na umeshindwa. Tenganisha. Kwamba babu alifungwa: familia ilisimulia hivyo, na mtafiti mmoja aliyefuatilia baadaye alitilia shaka. Kwamba ni Mau Mau: mwaka 1949 ni kabla ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Kwamba Obama alikulia Kenya: hapana. Alizaliwa Honolulu Agosti 1961 na magazeti mawili ya Hawaii yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi uleule, akaishi Indonesia utotoni, na Kenya alikanyaga kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, mwishoni mwa miaka ya 1980. Hoja nzima ya Huckabee ilisimama juu ya hilo la tatu.

#9 Mchangiaji, Mbeya

Naomba kuuliza. Nimesoma mahali kwamba Marekani kulikuwa na sheria ya kukataza redio kusema uongo, Reagan akaifuta, ndipo akina Limbaugh wakaibuka. Ni kweli?

#10 Mleta mada

Nusu yake, mkuu. Kulikuwa na kanuni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya kule, tangu 1949. Ilivitaka vituo vizungumzie masuala ya umma yenye mabishano na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali mwaka 1969. FCC ikaiacha Agosti 1987, wiki chache baada ya Reagan kuukataa muswada wa Bunge uliotaka kuigeuza sheria. Limbaugh akaenda hewani kitaifa mwaka uliofuata.

Lakini kanuni ile haikukataza uongo. Ilidai upande wa pili usikike. Tofauti ni kubwa. Mtangazaji angeweza kusema LRA ni Wakristo wema hata chini ya kanuni ile. Ila kituo kingekuwa na wajibu wa kutoa nafasi kwa mtu wa Lira pia.

#11 Mchangiaji, Dallas

Mimi naendesha malori huku, redio hizi ndizo zinazonisindikiza usiku. Niwaambie kitu ambacho mtu wa nje hakioni: wasikilizaji wake si wajinga. Wengi ni watu wa kazi, wanaomjua mtangazaji kuliko wanavyomjua jirani yao. Anawasalimu kila siku, anacheka nao, anawapa majina ya utani wapinzani wao. Ukimwambia "mtu wako amekosea" anasikia "rafiki yako ni muongo". Mhakiki anaandika makala ambayo yule msikilizaji hatoifungua kamwe.

Tazameni ile ya "majopo ya kifo" ya 2009. Tarehe 16 Julai, Betsy McCaughey, aliyewahi kuwa naibu gavana wa New York, aliingia kwenye kipindi cha redio cha Fred Thompson, yule seneta mwigizaji. Akasema muswada wa afya unawalazimisha wazee wa Medicare, bima ya serikali, kukaa kila miaka mitano waambiwe jinsi ya kuyamaliza maisha yao mapema. Kifungu chenyewe, cha 1233, kilisema Medicare itamlipa daktari pale mgonjwa anapotaka mwenyewe kuzungumza naye kuhusu matakwa yake akizidiwa: nani amsemee, awekewe mashine au la. Hiari tupu. Miaka mitano ilikuwa ukomo wa malipo, ikageuzwa ratiba ya lazima. PolitiFact walilikanusha ndani ya siku chache. Likaendelea kupanda hata hivyo, hadi kwa viongozi wa Bunge. Mwezi uliofuata Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa Republican 2008, akalipa jina la majopo ya kifo. Utafiti wa maoni wa taasisi ya Pew wa Agosti ulikuta kati ya waliolisikia, asilimia 30 waliamini ni kweli. Kifungu kikatolewa. Wazee wakasubiri hadi Januari 2016 ndipo Medicare ikaanza kulipia mazungumzo hayo.

Hiyo ndiyo gharama, wakuu. Miaka zaidi ya sita mzee na daktari wake wananyimwa nusu saa ya mazungumzo.

Mimi ninachofanya na madereva wenzangu, simshambulii mtangazaji. Nasema: nimesikia hilo, kifungu chenyewe hiki hapa, hebu tusome. Mara nyingine tunasoma. Kule Isakson, seneta wa Republican wa Georgia, alilipinga dai lile waziwazi, nami humtaja yeye kwanza kabla ya mtu yeyote wa Democrat.

#12 Mchangiaji, Dodoma

Kaka wa Dallas, hapo nimekuelewa. Hoja yangu kuhusu wahakiki naendelea kuishikilia, lakini kusoma kifungu pamoja na mtu ni jambo lingine kabisa.

#13 Mchangiaji, Bunia

Nawasalimu ndugu zangu wote. Mimi ni wa upande wa Congo, niongeze moja kuhusu Limbaugh kusema wamelijua jambo hili "leo tu".

Krismasi ya 2008 LRA walishambulia Doruma, Duru na Faradje, wakaua mamia ya watu, wengine wakiwa wamekusanyika kusherehekea Noeli. Desemba 2009 wakaingia eneo la Makombo, Haut-Uélé, wakaua watu wasiopungua 321 ndani ya siku nne. Waliwafunga kamba raia, wakawatembeza kama wabeba mizigo, waliochoka wakauawa kwa mapanga na magogo. Human Rights Watch walifika, wakazungumza na walionusurika, wakaandika. Ripoti ilitoka Machi 2010 kwa Kiingereza, ikatangazwa na vyombo vikubwa vya dunia. Kipindi cha Limbaugh kilikuwa Oktoba 2011. Ripoti ilikuwa imekaa wazi kwa zaidi ya miezi kumi na minane.

#14 Mleta mada

Ndugu wa Bunia, pole kwa yaliyowapata, na nashukuru kwa tarehe hizo. Naziunganisha na bandiko la kwanza pale kwenye "LRA ni Wakristo", pamoja na ya Aboke kutoka kwa ndugu wa Lira.

Mwenye rekodi nzima ya kipindi cha 14 Oktoba 2011, saa zote tatu, ailete humu. Nataka tuandike kwa Kiswahili sehemu yote ya LRA, tangu neno la kwanza hadi pale alipoambiwa, na muda wa kila sentensi pembeni.